Wasiwasi ndio akili, mpaka uanze kukutuma

Miaka kadhaa iliyopita nilipanga Nzovwe, jijini Mbeya, nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana uani. Mkabala na mlango wangu alikaa kijana wa mwaka wa pili chuoni, mpole, mwenye salamu, na geto lake lilipangika kutushinda sote. Ilipoingia Julai na baridi yake nikaanza kumsikia alfajiri. Anafunga kufuli. Anakwenda mpaka getini. Anarudi, anafungua, anaingia, anatoka, anafunga tena. Mara nne, mara tano. Siku za mitihani nikaacha kuhesabu. Kuna siku alishapanda bajaji, akashuka njiani akarudi mbio, shati limelowa jasho na baridi yote ile.

Baadaye akaanza kunigongea. "Dada, shikamoo. Samahani, naomba uniangalizie kama jiko langu limezima." Jiko lenyewe la mkaa, kalitoa nje tangu usiku, limebaki majivu yaliyopoa. Naangalia, namwambia, "Limezima, mdogo wangu, wahi chuo." Anashukuru kwa moyo wote, anaondoka. Baada ya dakika kumi simu inaita: "Dada, una uhakika?"

Kila mpangaji alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni bangi. Mwingine alisema katupiwa jini na mtu wa kwao mwenye wivu. Mama mwenye nyumba alisema shule imemzidi. Mimi nilisema ana wasiwasi tu, atazoea, na nikaendelea kumwangalizia jiko. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba katika wote wale, mimi niliyemhurumia na kumsaidia ndiye niliyekuwa namchochea moto.

Nayaandika haya kwa sababu siku hizi, ukikaa na vijana wa vyuo hapa Mbeya au kule Iringa, maneno yamevurugika. Anayepanga viatu vyake kwa rangi anasema ana OCD. Anayesubiri matokeo anasema ana msongo. Aliyemaliza boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, kwa kubeti anasema ni ushetani. Na yule anayenawa mikono mpaka inapasuka hasemi kitu, anavaa glavu za sufu na watu wanadhani ni baridi. Haya ni mambo tofauti, ingawa yana undugu, na undugu wenyewe ndio unaostahili kuelezwa polepole.

Tuanze na maneno

Neno wasiwasi lilitufikia kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni mnong'ono. Sura ya mwisho ya Kurani inaomba kinga dhidi ya yule anayenong'ona vifuani mwa watu. Naipenda asili hiyo kuliko maelezo mengi ya kitabibu, maana inagusa penyewe: sauti ndogo, ya chini, inayouliza "je, kama?" Je, kama mkopo usipoingia muhula huu? Je, kama nikipata sapu, nirudie mtihani? Je, kama mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Ni minyororo ya maswali kuhusu mambo yanayoweza kutokea kweli.

Wasiwasi huo kila mtu anao, na una kazi yake. Mtaani tunasema wasiwasi ndio akili, na kwa sehemu ni kweli. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika nyanda hizi za baridi hewa hiyo huua watu usingizini. Kijana anayekumbuka kutoa jiko nje kabla ya kulala ana akili. Jirani yangu alianzia hapo. Alianzia kwenye jambo la kweli.

Neno la pili ni wazo sugu. Hili huja bila kualikwa, hung'ang'ania, na mara nyingi linapingana kabisa na vile mtu alivyo. Mlokole anajiwa na tusi dhidi ya Mungu katikati ya sala. Kijana mpole anaona kichwani mwake akimsukuma mtu mbele ya lori. Mama aliyejifungua wiki iliyopita anashika kisu cha kumenyea viazi na ghafla anapitiwa na picha ya kumdhuru mwanawe. Wasiwasi wa kawaida unahusu mambo tunayoyategemea maishani, lakini wazo sugu humtisha mtu kwa sababu analichukia.

La tatu ni shuruti: kitendo ambacho mtu anajikuta hana budi kukifanya, au kukirudia, ili wazo lile limwachie apumue. Kunawa, kukagua, kupanga, kuuliza swali lilelile. Nyingine hazionekani kwa macho, zinafanyika kichwani: kuhesabu mpaka namba "nzuri", kurudia sala moja kimoyomoyo hadi itoke bila dosari, kurudisha siku nzima kama mkanda wa video kutafuta ulipokosea. Hizi za kichwani ndizo zinazowaponyoka hata wauguzi wazoefu, kwa sababu mtu anaonekana kakaa tu.

Mawazo sugu na shuruti vikichukua muda mwingi, kipimo cha kawaida kikiwa zaidi ya saa moja kwa siku, au vikimtesa mtu na kumharibia masomo, kazi au mahusiano, hapo ndipo pana ugonjwa. Huo ndio OCD, kifupi cha Kiingereza cha obsessive-compulsive disorder, herufi tatu ambazo watu wanazitumia kumaanisha usafi. Kati ya watu 100, mmoja mpaka watatu huupata wakati fulani maishani. Kwa hiyo kwenye ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi 300 si ajabu wakawemo kadhaa, kila mmoja akiamini yuko peke yake duniani.

Usafi wenyewe sio tatizo. Mwaka 2020 kila duka Mwanjelwa na kila stendi ilikuwa na ndoo ya maji tiririka mlangoni; nchi nzima ilinawa. Tulinawa, tukakung'uta mikono, tukaendelea na safari. Mgonjwa wa shuruti hana pa kukung'utia mikono. Anachokiosha ni shaka, na shaka haijui sabuni, kwa hiyo ananawa tena.

Mkopo wa kausha damu

Sasa tuje kwenye kiungo chenyewe kati ya wasiwasi na shuruti. Nimetafuta mfano mzuri kwa muda mrefu na sijaupata ulio bora kuliko ule tunaoishi nao kila siku: mkopo wa kausha damu.

Mama anahitaji elfu hamsini leo. Anaipata ndani ya saa moja, bila maswali mengi, roho inatulia, jioni nyumba ina amani. Nafuu ile ni ya kweli, hakudanganyika. Kesho rejesho linaanza, na riba yake, kila siku ya Mungu. Akikwama anakopa pengine ili alipe kule. Baada ya miezi mitatu anafanya kazi ya kulipa madeni tu, na ile shida ya kwanza hata haikumbuki vizuri.

Shuruti inamkopesha mtu utulivu kwa masharti hayohayo. Wazo linakuja: jiko halijazima. Wasiwasi unapanda, moyo unadunda, tumbo linakaza. Anarudi kukagua. Ahh, limezima. Mwili mzima unalegea. Utulivu ule ni mtamu, na ubongo, ambao kazi yake ni kujifunza kinachotuokoa, unaandika mambo mawili: kwanza, hatari ilikuwa ya kweli, pili, kilichoniokoa ni kukagua. Kesho wazo likirudi linakuja na uzito zaidi, kwa sababu jana lilitiiwa. Kukagua mara moja hakutoshi tena, inatakiwa mara mbili. Riba imeanza.

Ndiyo maana kumwambia mtu "si umeshaona limezima?" hakumsaidii. Ameona. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwapa watu wazima wenye afya zao kazi ya kukagua jiko la gesi kwenye kompyuta, kuwasha na kuzima, tena na tena. Waliokagua jiko lilelile mara nyingi waliendelea kukumbuka kwa usahihi walichofanya, ila kumbukumbu yao ilififia rangi na imani yao juu yake ikapungua. Hawakuwa wagonjwa. Kurudia tu kuliwatia ukungu. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka jirani yangu pale getini: kila aliporudi kutafuta uhakika, alikuwa anaupunguza.

Kuna somo moja ambalo ubongo wa mwenye shuruti haupati nafasi ya kujifunza, nalo ni kwamba wasiwasi hushuka wenyewe. Anayetoka Dar es Salaam kuja Iringa kwa basi anaujua mlima Kitonga. Gari linanguruma, linakata kona moja baada ya nyingine, malori yanatambaa mbele, na abiria mgeni anaona kama barabara inaelekea mbinguni. Halafu mlima unaisha, hewa inabadilika, mnaingia Ilula mnanunua vitunguu na nyanya. Wasiwasi nao una kilele na mteremko. Anayefanya shuruti ni kama abiria anayeshuka katikati ya Kitonga kila safari na kurudi chini, halafu anasimulia kwamba mlima ule hauna mwisho.

Kwa nini umri huu

Takwimu za Marekani zinaonyesha wastani wa umri wa ugonjwa huu kuanza ni miaka 19 hivi. Robo ya wagonjwa huanza kabla ya kufika 14, na kuanza baada ya 35 ni nadra. Sehemu ya sababu ni mwili: mielekeo mingine inarithiwa katika familia, na eneo la mbele la ubongo, linalopima hatari na kusema "imetosha, endelea", linaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kwa wenye ugonjwa huu, mawasiliano kati ya eneo hilo na sehemu za ndani zaidi za ubongo yanazunguka bila kufika mwisho, kama honi ya gari iliyokwama.

Lakini mwili hautoshi kueleza. Mtazame kijana aliyetoka Tukuyu, Ludewa au Kilolo. Nyumbani mama ndiye aliyefunga mlango, baba ndiye aliyejua pesa za ada ziko wapi. Sasa ana ufunguo wake, kufuli lake, jiko lake, mita ya umeme ya pamoja inayoleta ugomvi, na namba ya siri ya simu ambayo ndani yake kuna fedha ya miezi miwili. Kwa mara ya kwanza, nyumba ikiungua, ni yeye. Mwanasaikolojia wa Uingereza Paul Salkovskis alieleza mwaka 1985 kwamba kinachogeuza wazo la kawaida kuwa mateso ni hisia iliyovimba ya kuwajibika: kuamini kwamba ukiliwaza baya na usifanye kitu kulizuia, litakalotokea ni kosa lako. Na watoto wetu wengi wanaondoka nyumbani na maneno haya masikioni: "Ukoo mzima unakutegemea wewe." Tunayasema kwa upendo, ila kwa mtoto mwenye mwelekeo huu ni mzigo mzito kuliko tunavyodhani.

Niseme na upande wa pili, maana wataalamu wenyewe wamebishana. Zamani OCD iliwekwa kwenye kapu moja na magonjwa ya wasiwasi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliutoa na kuupa sura yake, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 ikafanya vivyo hivyo. Kwa nini? Kwa sababu si kila shuruti huzaliwa na hofu. Kuna anayepanga vitu upya kwa kuwa anahisi tu "havijakaa sawa". Kuna anayesukumwa na kinyaa. Wasiwasi ni mlango mkubwa wa kuingilia shuruti, ila nyumba ina milango mingine.

Mawazo mabaya, mtu mbaya?

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa hiyo nakaa kidogo.

Yule mama wa kisu cha viazi hamwambii mtu. Akimwambia mumewe ataonekana muuaji, akimwambia mama mkwe atanyang'anywa mtoto. Anaficha visu vyote, anaacha kumwogesha mtoto, anaomba wifi akae naye kutwa. Wanaomzunguka wanasema hampendi mtoto. Ukweli ni kinyume: wazo linamtesa kwa sababu anampenda kupita kiasi cha kuvumilia hata picha yake.

Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wasio wagonjwa kama wanapata mawazo ya namna hiyo, ya kudhuru, ya aibu, ya kukufuru. Wengi walisema ndiyo. Maudhui yalifanana na ya wagonjwa. Tofauti ilikuwa kwamba kwa wenye afya wazo linapita kama daladala lisilo la njia yako, unaliona na kuliacha. Kwa mgonjwa linaganda, kwa sababu anapigana nalo.

Na kupigana ndiko kunakolilisha. Jaribu sasa hivi, kwa dakika moja, kutomuwaza kipunji, yule kima wa msitu wa Rungwe ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005. Usimuwaze manyoya yake wala mkia wake. Umeshindwa, sivyo? Daniel Wegner alifanya jaribio hilo Marekani mwaka 1987 kwa kutumia dubu mweupe, na wanafunzi waliokatazwa kumuwaza walijikuta wanamrudia tena na tena. Kumwambia mgonjwa "acha kuwaza hayo" ni kumtuma msituni kumtafuta kipunji.

Tahadhari moja ya lazima. Mwenye wazo sugu anajua kwamba wazo ni la kichwani mwake mwenyewe, na kwa kawaida anahisi limepita kiasi. Mtu anayesikia sauti kutoka nje zikimwamuru, au mama mzazi anayeamini kwa dhati kwamba mtoto wake si binadamu, huyo ni mgonjwa wa namna nyingine na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kijana anayesema heri afe.

Kanisani, msikitini, kwa mganga

Mbeya ina makanisa kila kona, na Iringa haiko mbali. Kwa hiyo shuruti nyingi za huku zinavaa kanzu. Binti anatubu dhambi ileile wiki ya nane mfululizo, akihofu kwamba hakutubu "vizuri". Kijana wa Kiislamu anarudia udhu mpaka swala ya jamaa inamalizika bila yeye. Familia inaona ucha Mungu, mchungaji anaona bidii, na mtoto anaona moto.

Dini zenyewe zilikwishaliona jambo hili zamani. Martin Luther, ambaye Walutheri wa Iringa, Njombe na Konde wanamfahamu vyema, aliingia utawani mwaka 1505 akiwa na miaka 21, na inasimuliwa jinsi alivyoungama kwa saa nyingi, akatoka, akakumbuka kingine, akarudi. Aliyekuwa anamwungamisha, Johann von Staupitz, alimsihi aache kuyasaka makosa madogomadogo na amtazame Mungu mwenye rehema. Simpi Luther jina la ugonjwa baada ya miaka 500. Nasema tu kwamba mzee yule hakumwambia aungame zaidi. Nao wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: kama ulikuwa na udhu na sasa una shaka tu umetanguka, udhu wako uko palepale, simama uswali. Nimeshangaa mara nyingi jinsi kanuni hiyo inavyofanana na kile wanachofundisha wataalamu wa leo.

Kuhusu kurogwa: sitaki kumcheka anayeamini hivyo, maana wazo sugu kweli linahisi kama limetoka nje yako. Lakini angalia gharama. Dawa za kuoga, makombe, hirizi, masharti ya kutokanyaga hiki na kutogusa kile, vyote vinamwongezea mgonjwa orodha ya vitu vya kukagua. Anarudi na shuruti mpya alizolipia.

Na kubeti je?

Swali hili nimeulizwa sana, hasa na wazazi. Kubeti, na kushikilia simu usiku kucha, vinaingia hapa?

Chanzo ni tofauti. Uraibu wa kubeti huanza na utamu: mkeka wa kwanza umetiki, elfu mbili imekuwa elfu arobaini. Mwenye shuruti hafurahii kunawa hata siku moja; mchezaji wa mwanzo anafurahia. Na kwa kuwa ushindi unakuja bila ratiba, leo ndiyo, kesho hapana, kesho kutwa tena hapana, ubongo unaushikilia kuliko mshahara unaofika kila mwisho wa mwezi.

Ila wafuatilie baada ya mwaka mmoja, utakuta njia zimekutana. Kijana amekula ada. Sasa habeti kwa raha, anabeti kwa sababu wasiwasi wa ada hauvumiliki, na zile dakika tisini za mechi ndizo pekee anazopumua. Mkeka unachanika, wasiwasi unakuwa mkubwa kuliko jana, anaweka mwingine. Ni kausha damu ileile, safari hii kwa maana zote mbili. Simu nayo ina sura hiyo: anayefungua kila dakika kuona kama ujumbe wake umesomwa anakagua jiko kwa kidole. Kwa hiyo ukitaka kujua unachoshughulika nacho, usitazame kitendo peke yake. Jiulize: nisipokifanya sasa hivi, nakosa raha, au napandwa na hofu? Jibu likiwa hofu, kukata bando hakutatosha.

Kinachosaidia

Mpaka miaka ya 1960 madaktari wengi waliamini ugonjwa huu hautibiki. Mwaka 1966 Victor Meyer, hospitalini London, alichapisha habari za wagonjwa wawili aliowatibu kwa njia iliyoonekana ya kikatili: aliwaacha wagusane na walichokiogopa, na wauguzi wakawazuia wasifanye shuruti. Wasiwasi ulipanda, ukafika kileleni, ukashuka. Walipata nafuu kubwa. Njia hiyo, ikiwa imelainishwa na kuboreshwa, ndiyo inayoongoza mpaka leo, na siku hizi hakuna anayelazimishwa. Mgonjwa na mtaalamu hupanga ngazi pamoja, kuanzia hofu ndogo. Kwa jirani yangu ingekuwa hivi: wiki ya kwanza, kagua mara mbili badala ya tano. Kisha mara moja. Kisha funga, ondoka, kaa na wasiwasi wako ndani ya bajaji mpaka uishe wenyewe, bila kumpigia mtu.

Zipo na dawa. Fluoksetini na sertralini ni miongoni mwa zinazotumika, na kwa ugonjwa huu dozi huwa kubwa kuliko ya sonona, na subira inahitajika ya wiki 8 mpaka 12 kabla ya kuhukumu. Wengi wanaacha wiki ya tatu wakisema hazifanyi kazi. Si dawa za usingizi na hazimfanyi mtu zezeta; ila usianze wala kuacha bila daktari.

Pa kwenda papo karibu kuliko watu wanavyodhani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kitengo cha afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa zina huduma hiyo. Wazazi wengi wakisikia "akili" wanaiona hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, na kufuli. Wengi wa wenye ugonjwa huu hutibiwa wakitokea nyumbani, wanaendelea na masomo yao. Shida ni namna wanavyojieleza. Anafika kwa daktari na mikono iliyopasuka, anapewa mafuta ya kupaka. Anafika na kukosa usingizi, anapewa vidonge vya usingizi. Sema sentensi moja tu: "Kuna jambo nalazimika kulirudia, nisipolirudia napata hofu." Hiyo inafungua mlango.

Tumebaki sisi tunaoishi nao. Kila tunapojibu "ndiyo, una uhakika, limezima", tunalipa rejesho kwa niaba yao, na deni linakua. Kuacha ghafla kwa ukali nako ni kosa. Mtu anabaki peke yake na hofu yake. Wanaoshughulika na familia hizi hushauri tukiri maumivu bila kulijibu swali, na tumwambie mapema, siku ya utulivu, kwamba tumeamua hivyo pamoja naye.

Yule kijana alihama muhula ulipoisha, sikujua alikoelekea. Nimefikiria mara nyingi angenigongea leo, saa kumi na mbili asubuhi, uwanja umejaa ukungu, akaniambia, "Dada, shikamoo, naomba uniangalizie jiko." Ningemwitikia marahaba. Ningemwambia, "Mdogo wangu, naona limekubana sana leo. Jiko sitaliangalia. Ngoja nichukue sweta, nikusindikize mpaka barabarani."